Duka la Mkinga, Msiba wa Mrangi

Shida yangu ilianza mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na miwili. Ndio mwaka serikali ilipoamuru mifugo yote iondoke kwenye milima yetu ya Kondoa, maana ardhi ilikuwa imeliwa na makorongo mpaka nyumba nyingine zilibaki zimening'inia. Sibishi, makorongo yalikuwepo. Leo ukipita Mnenia utakuta miti na majani, watu wanasifu. Lakini mimi siku ile sikuona miti. Nilimwona baba anaswaga ng'ombe wake kuwapeleka Kiteto kwa watu, na aliporudi alikuwa na fimbo tu mkononi. Maziwa yakaisha nyumbani, samadi ikaisha shambani, na mimi nikatolewa darasa la nne nikalime vibarua. Kwa hiyo nyie mnaosema maisha magumu kwa sababu bando limekata, kaeni kidogo.

Naitwa Issa. Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, waliniita Issa Shazia, kwa ile sindano ndefu ya kushonea magunia. Nimeshona midomo ya magunia, nimebeba magunia, halafu nikawa dalali wa mahindi mpaka magoti yalipokataa. Mjukuu wangu ananisaidia herufi kubwa na nukta. Maneno ni yangu.

Vijana wengi wananiuliza swali moja. Mzee, mbona nyie Warangi mlifika Kibaigwa pamoja na Wakinga, wote mkiwa na mifuko mitupu, na leo wao wana maduka ya barabarani na nyie mna vijiwe vya kahawa? Wanauliza wakicheka. Nitawajibu, lakini sitacheka.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Aliyenifundisha ni Mzee Swalehe, Mrangi mwenzangu aliyetangulia. Alikuwa mtu wa maneno machache na matusi mengi. Gunia, alisema, unaanza kulikunja masikio mawili, kushoto na kulia, ndipo unapitisha uzi wa katani katikati. Ukisahau masikio, kuli atashika wapi? Atalikumbatia kama mkewe, litamponyoka, litapasuka. Siku yangu ya kwanza nilishona magunia ya lori zima bila masikio. Makuli walipoyaona walikaa chini, wakawasha sigara, wakasema hawagusi. Mzee Swalehe akaniambia, "Fumua yote." Nikafumua yote. Mwenye lori alikuwa ananitukana Kichaga, mimi nilikuwa najibu "ndiyo" kwa kila kitu.

Udalali nao una mambo yake. Mahindi mabichi yanalala kimya katikati ya gunia, juu mkulima ameweka makavu yanayong'aa. Ndiyo maana tuna bambo, kile chuma chenye mfereji unachokichoma ubavuni, kinakutolea punje za ndani. Nilipoanza udalali niliona bambo ni kumdhalilisha mkulima. Akaja mzee mmoja kutoka Mlali, mkarimu, ananiita mwanangu, ameniletea na karanga. Nikanunua kwa macho. Wiki iliyofuata mwenye ghala ananiita, ananipa kiganja cha mahindi, yameota mizizi. Tangu hapo nachoma gunia hata la shehe. Na kama huna bambo, chukua chupa kavu, weka mahindi na chumvi kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi hayajakauka, waambie wakaanike. Siku hizi kuna vifaa vya kupima unyevu vinavyosoma namba. Vizuri. Betri ikiisha, chumvi ipo.

Sasa turudi kwa Wakinga.

Rafiki yangu ni Mkinga, jina lake Tweve, ametoka Makete, kule kwenye baridi. Alifika Kibaigwa karibu wakati mmoja na mimi. Mimi nimeshika shazia, yeye amebeba mabeseni ya plastiki kichwani, anatembeza. Tulipanga vyumba ua mmoja kwa mama mmoja wa Kigogo, ambaye alitucheka wote wawili sawasawa. Asubuhi mimi ninasema shikamoo mama, Tweve anasema kamwene, salamu ya kwao, halafu anajirekebisha. Chakula chake jioni ni ugali na maharage. Changu ni ugali na mlenda. Kama ungetupima kwenye mizani siku ile usingeona tofauti.

Tofauti ilikuja hivi. Sisi Warangi pale sokoni tulikuwa kitu kimoja. Mtu akifiwa, tunachanga. Mtu akioa, tunachanga. Mtoto akilazwa hospitali ya Mvumi, tunachanga, na watu wawili wanasindikiza. Na hatuchangi kilichozidi. Tunachanga kile kilichopo, hata kama ndicho ulichopanga kununulia mahindi kesho. Nimewahi kwenda msibani Mnenia wakati wa mavuno, magunia yamejaa Kibaigwa nzima, nikarudi msimu umekwisha. Hakuna aliyeniona mjinga. Ningebaki ndiyo wangeniona mjinga. Na kikipatikana cha kubaki, tunapeleka Kondoa tunajenga nyumba ya bati nyumbani kwetu, tunafunga mlango, tunarudi Kibaigwa kupanga chumba.

Wakinga hawakuwa hivyo. Mkinga mwenye duka anamchukua kijana wa kwao, mtoto wa dada au wa jirani. Kijana analala hapo, anakula hapo, anavishwa, na halipwi. Miaka inakwenda. Anafundishwa kupanga bidhaa, kujua mteja wa maneno na mteja wa kununua. Muda ukitimia, tajiri anaita wazee wa kwao, wanasali, anamjazia kijana duka lake mwenyewe. Halafu yule naye anachukua kijana mwingine. Hapo ndipo yalipotoka yale maduka ya barabarani. Si uchawi, kama mnavyoambiana. Nimeishi nao ukuta kwa ukuta, ningeuona.

Lakini mtaji wao hauguswi. Ugonjwa hauugusi, harusi haiugusi. Niliwahi kumwambia Tweve kwamba roho zao zimepigwa plasta. Akanijibu, "Na zenu zina matundu kama chekecheke." Dukani kwake hakuweka hata kigoda. Nilimuuliza mbona mteja hakalishwi. Akasema, "Nikiweka kiti wewe ndiye utakayekikalia, Issa, na hujawahi kununua hata kiberiti."

Mwaka mmoja alichukua mkopo, akajaza ghala mahindi ya kupeleka nje ya nchi, serikali ikafunga mpaka. Yakakaa, bei ikaanguka, wadudu wakafanya harusi. Wenzake Wakinga walimwambia pole, wakampa katoni za sabuni aanze upya chini ya mwavuli. Ghala likauzwa. Ingekuwa mimi, Warangi wangechanga wote na wote tungebaki masikini pamoja, lakini nisingekaa chini ya mwavuli peke yangu. Tweve alikaa. Miaka michache baadaye akawa tena na duka la jumla. Kwa hiyo msiniulize njia ipi ni nzuri kama mnauliza timu ya mpira.

Mimi niliangalia hayo yote, nikachoka. Nilikuwa na mke, Mama Zuhura, na binti mmoja, huyo Zuhura, wengine Mungu aliwachukua wadogo. Zuhura alipomaliza kidato cha nne hakufaulu kuendelea. Nikasema huyu hatakuwa kama mimi, miaka yote sokoni na hana hata mlango wa kufungua asubuhi. Nikaenda kwa Tweve.

"Baba Tweve, nina binti. Mchukue kama mnavyochukuana wenyewe."

"Binti wa Kirangi?"

"Kwani nina mwingine?"

Akaacha kupanga sukari. "Issa, nyie mkipata nauli tu mnakwenda Kondoa. Kwenu jogoo wa shangazi akiugua ni safari ya familia."

"Na nyie hata Makete ikihamishwa mtaambiwa na abiria."

Mkewe, Mama Tweve, alicheka mpaka akashika meza. Ndiye aliyemkubali Zuhura, si mumewe. Watoto wao wenyewe walikuwa wamesoma, wako Dar, duka hawalitaki. Mama Tweve akanunua sufuria na sahani mpya za Zuhura, akasema hizi zisiguse nguruwe, na akamwekea mkeka wa kuswalia stoo, nyuma ya ndoo za mafuta. Tweve akasema sharti lake. Miaka mitano. Halipwi. Mwisho wake anajaziwa duka, kama kijana wa Makete. Akitoka kabla, ametoka na nguo zake.

Warangi wenzangu walinisema. Mzee Swalehe, akiwa ameshazeeka na macho hayaoni vizuri, aliniita kijiweni. "Umemtoa binti bure, hata mahari ina bei." Nikamwambia mzee, nyamaza. Ndiyo mara pekee niliyomjibu.

Zuhura alifanya kazi. Alikonda kwanza, halafu akazoea. Alijua bidhaa kwa kugusa. Alinijibu kwa mkato kama Mkinga, nikawa nafurahi na kuumia kwa pamoja. Mwaka wa tano ulikuwa umebaki kidogo kwisha simu ilipopigwa kutoka Mnenia. Kaka yangu Ramadhani amefariki.

Hapa mnielewe. Zuhura alipokuwa mdogo mama yake aliugua muda mrefu, na huyu Ramadhani na mkewe, Mama Hadija, ndio waliomlea. Alinyolewa nywele kwao, alianza shule kwao. Kwetu mtoto wa namna hiyo ni wa marehemu. Na kwetu binti wa marehemu haziki akaondoka. Anakaa na mjane mpaka arobaini. Anateka maji, anapika kwa ajili ya wageni, anakaa mkekani watu wakija kutoa pole wamkute. Hakuna anayemwambia, anajua.

Nikaenda dukani. Zuhura alikuwa ameshapata habari, amekaa juu ya katoni, analia bila sauti. Tweve akanitoa nje.

"Pole sana, ndugu yangu. Aende akazike. Siku ya tatu jioni nimwone hapa."

"Kwetu ni arobaini. Kalelewa na marehemu, unajua."

"Najua. Mimi nilikuwa kwenye duka la mjomba wangu Makambako mama yangu alipokufa. Sikwenda kabisa. Huyu nimempa siku ambazo mimi sikupewa."

"Na asiporudi?"

Alifuta mikono kwenye suruali muda mrefu. "Sitamchukia. Nitampa nauli, atarudi kwako. Lakini ndani mle kuna vijana wawili wananiangalia, Issa. Nikimlegezea huyu, wale nitawashika kwa neno gani? Sitakuwa na duka, nitakuwa na kijiwe."

Sikumlaumu. Nilitamani nimlaumu, ingekuwa nyepesi.

Tukaenda Mnenia, mimi, mke wangu na Zuhura. Tukazika. Watu walikuwa wengi kama tulivyo Warangi, kutoka Kolo, kutoka Bereko, kutoka Kiteto, watu wameacha mashamba, wameacha mizigo sokoni. Hakuna aliyetazama saa. Zuhura alikaa bega kwa bega na Mama Hadija. Usiku walilala mkeka mmoja. Nilimwona akichota maji, akiosha masufuria ya shughuli, na nikasikia wanawake wakisema, huyu hajapotea, mji haujamharibu.

Asubuhi ya siku ya tatu nikamwita nyuma ya nyumba.

"Funga mzigo wako. Basi linatoka Kondoa."

"Baba, mimi nabaki."

"Utabaki na nini?"

"Na mama."

Alimaanisha Mama Hadija. Mama yake mzazi alikuwa amesimama hapo hapo, akaangalia chini.

"Zuhura," nikamwambia, "umebeba miaka mitano kichwani. Imebaki kidogo ushushe. Ukiiangusha leo, hakuna hata mmoja kwenye mkeka ule atakayekuokotea. Watakuchangia nauli. Watakuchangia sukari. Duka hawatakuchangia."

"Na wakinisema?"

"Waseme mimi nimekuamuru."

Akalia, akafunga kanga. Tulipita mbele za watu, hakuna njia nyingine, nyumba ina mlango mmoja. Zuhura akapiga magoti kumuaga Mama Hadija. Yule mama akampa mkono lakini uso akaugeuza. Dada yetu mkubwa akauliza kwa sauti wanakwenda wapi hawa. Mama Hadija ndiye aliyejibu.

"Mwacheni. Duka litamzika."

Mke wangu alibaki mpaka arobaini. Alipika, aliteka maji, alifanya kazi ya watu wawili, na aliporudi mikono ilikuwa imepasuka. Haikusaidia. Mimi na Zuhura tulipanda basi, tukakaa viti vya mbali kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa wazi, na hata nafasi ilipopatikana karibu yangu hakuhamia. Tulifika Kibaigwa jua likiwa bado halijazama. Mama Tweve akampokea mzigo. Tweve akamwambia, "Kesho usifungue, pumzika." Kesho yake Zuhura alifungua mwenyewe, kabla ya wote.

Muda ulipotimia Tweve aliita wazee wa Kikinga. Wakasali kwa namna yao, nikaitikia amina. Wakapakia kirikuu mbili, vile vigari vidogo vya mizigo, zikajaa sabuni, mafuta, chumvi, unga, biskuti, mpaka nyembe na viberiti. Tweve akasema mbele ya watu, "Hii si zawadi, hakuna aliyempa kitu hapa. Amefanya kazi." Binti wa kwanza wa Kirangi kufanyiwa vile, kwa ninavyojua mimi. Fremu ya duka tuliipanga Nzuguni, pembeni ya mji wa Dodoma, wakati ule kulikuwa na vumbi na vichaka, leo nyumba zimebanana. Mwaka wa pili akaanza kuajiri. Anamlipa msichana wake mshahara, kila mwisho wa mwezi. Nilimuuliza mbona hafuati walivyomfanyia. Akasema, "Mimi sitamwambia mtu asikae msibani." Tweve alipoambiwa alitikisa kichwa, akasema huyo atafunga duka. Hajafunga.

Halafu Mama Zuhura naye akafariki. Tulimzika Nzuguni, tulikokuwa tumehamia. Wagogo majirani walichimba kaburi, hawakungoja kuombwa. Tweve alifunga maduka yake mpaka alasiri, jambo ambalo sijaona Kibaigwa kabla wala baada, akaja na watu wake, wakakaa mkekani viatu wamevishika. Baada ya hapo wakaenda kufungua, nikawashukuru kwa dhati.

Kutoka Mnenia walikuja wawili. Abdi, mtoto wa marehemu kaka yangu Ramadhani, na mzee mmoja wa kumsindikiza. Walikuwa na adabu sana. Walisalimu, walizika, walikula kidogo. Siku ya tatu wakanywa chai, Abdi akasema, "Baba mdogo, tunaomba ruhusa, basi linatoka." Nikawapa ruhusa. Zuhura alikuwa mlangoni na birika, alisikia, akarudi ndani kuongeza maji ambayo hakuna aliyekuwa ameyaomba.

Sasa nyie mnaotaka jibu. Mkihesabu milango ya barabarani Kibaigwa, Wakinga wametushinda, tena mbali. Mkihesabu watu kwenye msiba, hawatuwezi. Vijana wa siku hizi mnaniambia mzee, vyote vinawezekana, panga muda wako. Labda. Mimi sikuweza. Nilitoa kimoja nikapata kingine, na ningerudishwa asubuhi ile nyuma ya nyumba, ningemwambia tena afunge mzigo. Nasema hivyo bila kusitasita. Lakini nimechoka, na si kwa kubeba magunia.

Kijana wa Kirangi anayeanza leo sokoni, tenga kidogo ambacho hata mama yako hajui kipo. Kijana wa Kikinga, weka kigoda dukani. Hamtanisikiliza, najua. Mimi nami nilimjibu Mzee Swalehe nyamaza.

Nilichonacho leo ni hiki. Nyumba ya vyumba vinne Nzuguni, ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili wamepanga wanafunzi wa chuo. Shamba Mlali, nalima kwa nusu na mtu, yeye nguvu yeye mbegu, mimi ardhi. Ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama dume. Baiskeli moja. Redio moja. Simu ya kitochi, haina picha. Kanzu tatu, mbili nzima. Duka si langu, ni la Zuhura, lina fremu mbili sasa, na kila Ijumaa ananiletea sukari na hakai.

Kule Mnenia kuna nyumba ya bati niliyoijenga zamani kwa jasho la sokoni. Anaishi Mama Hadija. Ufunguo nilimpa mwenyewe, nilimpelekea kwa mkono wa dereva wa basi. Aliupokea, hakutuma neno. Hiyo nyumba siihesabu.